Mkono Unaopiga Ilimba

Mpwapwa,
12 Februari 2024

Mdogo wangu Abeli,

Mbukwa. Natumaini barua hii itakukuta na afya, kama afya inapatikana mahali hapo ulipo. Sisi huku hatujambo, ila goti langu limeamua kuzeeka kabla yangu. Mvua ilinyesha mara mbili halafu ikatusahau. Uwele wangu ulipochungulia tu, kuku wa jirani yangu Evarista wakaufukua wote. Nilikwenda kumlalamikia, akaniambia kuku hawana kesi. Nilicheka njia nzima, kisha nikakukumbuka wewe nikaacha kucheka. Nisamehe kwa neno hilo.

Mwanao Anitha niko naye tangu shule ilipofunguliwa Januari. Yuko darasa la tatu. Anakula, hasa nikipika mlenda. Lakini mtoto hasemi, Abeli. Si bubu, ukimwuliza atakujibu "ndiyo shangazi" au "hapana shangazi", kisha anafunga mdomo kama mlango wa duka. Na kitandani anakojoa, mtoto wa miaka tisa. Simgombezi. Mtoto aliyemzika mama yake mwezi wa kumi na moja na baba akachukuliwa na polisi siku hiyo hiyo, utamgombeza kwa lipi?

Sasa sikiliza. Hapa shuleni kuna Mwalimu Mwanaidi, mdogo wa umbo, ila akisimama mbele ya watoto hata mbwa wa mlinzi hunyamaza. Ana kikundi cha muziki Jumatano na Ijumaa baada ya masomo. Aliniita akaniambia mtoto akijifunza ala anajifunza kuhesabu bila kujua kwamba anahesabu. Anajifunza kusubiri zamu yake. Anajifunza kukosea mbele za watu na kurudia bila kufa kwa aibu. Na mtoto aliyefunga mdomo, anasema, mpe kitu cha kushika mikononi, mdomo utafuata wenyewe.

Nami katika mizigo iliyoletwa kutoka kwako Mvumi nimeikuta ilimba yako ndani ya gunia la nguo. Lile lile sanduku la mninga na vyuma vyake, halijapata hata ufa. Naomba ruhusa yako nimpe Anitha. Mali ya baba si ya mtoto?

Kuhusu kesi, usivunjike moyo. Mzee Mazengo na majirani wawili wameshaandikisha polisi kwamba mchana ule waliisikia ilimba yako ikilia mfululizo, na kijiji kizima hakina mpigaji mwingine. Wifi yangu Yudith aliangukia jiwe la kusagia akiwa peke yake ndani, wewe ukiwa nje kwenye kigoda unapiga, na mtoto akiwa machungani na mbuzi. Hapa kila anayeniuliza namjibu hivi: mkono unaopiga ilimba haupigi mtu. Mungu ampumzishe Yudith.

Dada yako,
Hilda


Gerezani, Dodoma,
9 Machi 2024

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nami ni mzima kwa neema ya Mungu. Pole kwa goti. Jaribu kulichua kwa mafuta ya ufuta ya moto, mama alikuwa akifanya hivyo.

Barua zote hapa husomwa na askari zikiingia na zikitoka, kwa hiyo usiandike sana habari za kesi. Kikao cha Mahakama Kuu bado hakijapangwa. Tunaambiwa tusubiri, na kusubiri ndiyo kazi pekee tuliyopewa.

Nashukuru kwa kumtunza Anitha. Kuhusu ilimba, hapana. Baba alitulea tukijua kwamba muheme ni ngoma ya wanawake, ilimba na zeze ni vya wanaume. Mwambie mwalimu ampe ngoma kama mama yake, au ampe filimbi. Ilimba irudishe guniani na gunia ulifunge.

Na asiulizwe maswali. Mtoto akisahau ndiyo amepona.

Mdogo wako,
Abeli


Mpwapwa,
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Abeli,

Salamu nyingi. Pasaka tumeila vizuri, Evarista alinichinjia kuku mmoja wa wale wahalifu, kwa hiyo ule uwele nimeula kwa njia ya mchuzi. Goti limesikia mafuta yako.

Umenichekesha na habari za baba. Baba huyo huyo ndiye aliyesema mtoto wa kike hana haja ya kusoma, na leo unamwandikia nani barua?

Sasa nikwambie, na usikasirike, maana huko uliko huwezi kunifikia: nilishampa kabla barua yako haijafika. Nilidhani atagusagusa vyuma kama watoto wafanyavyo. Abeli, alikaa chini, akaipakata, akakitazama kile kitundu cha mbele. Utando wake ulikuwa umechanika. Akainuka bila neno, akaenda nyuma ya kabati langu, akabandua ule utando mweupe wa mdudu buibui, akaubandika kwenye kitundu kwa nta, taratibu kama fundi. Halafu akapiga wimbo wako wa kuita mvua. Wote, hata pale unapokichelewesha kidole cha kushoto. Nilikaa juu ya ndoo kwa kukosa pa kukaa.

Nikamwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Baba. Ndani, mlango ukiwa umefungwa, ili watu wasimcheke." Sentensi nzima, Abeli! Ya kwanza tangu aje. Kumbe unajidai mtu wa mila na huku unamfundisha binti yako kwa siri. Nimefurahi mpaka nimelia.

Na faida nimeiona kwa macho yangu. Hesabu za kuzidisha zilikuwa zinamshinda, sasa anazisema huku dole gumba likigonga meza. Kusoma amesogea, juzi alinisomea zaburi bila kukwama. Kitanda ni kikavu wiki ya tatu. Na bidii aliyonayo! Sijawahi kumwona akiiweka chini mwenyewe. Mpaka niichukue mikononi mwake ndipo aje kula. Mwalimu Mwanaidi anasema bidii ya namna hiyo haifundishwi, mtu huzaliwa nayo.

Dada yako,
Hilda


Gerezani, Dodoma,
30 Juni 2024

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya karibu miezi mitatu. Nilikuwa na homa, na baada ya homa sikuwa na karatasi. Baridi ya huku imeanza na upepo unaingiza vumbi mpaka kwenye maharage.

Nakuomba unijibu haya. Nani mwingine amemsikia Anitha akipiga? Je, yupo mtu wa kijijini kwetu aliyefika hapo kwako? Mwambie mwalimu kwamba mtoto hajui kupiga, anagusa tu. Mimi sikumfundisha. Labda alikuwa akiniangalia, na watoto husema mengi.

Ilimba hiyo ichome, Hilda. Nakuomba kwa jina la mama yetu. Unajua kesi kama yangu mtu akishindwa mwisho wake ni nini.

Mdogo wako,
Abeli


Mpwapwa,
21 Julai 2024

Mdogo wangu Abeli,

Pole kwa homa. Hapa tunapambana na upepo huo huo, bati la jikoni limeinuka na mwenye nyumba anasema ni kazi ya Mungu. Karanga tumevuna gunia moja na robo. Evarista anakusalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikuielewa, na nikiwa mkweli, sikutaka kuielewa. Nimeiweka chini ya godoro. Nilijisemea kwamba mtu akikaa kifungoni muda mrefu akili huanza kumzunguka, na kwamba ulikuwa na homa.

Ilimba sijaichoma. Mti wa mninga ulionyamaza siutii motoni, sembuse ule unaoimba. Kila mtu mtaani amemsikia. Wakati mwingine wanawake wanaotoka kisimani hutua ndoo zao kwenye uzio wamsikilize, na mimi hapo kichwa kinanivimba kana kwamba anayepiga ni mimi. Jambo pekee linalonisumbua ni kwamba anapiga wimbo huo mmoja tu. Mwalimu anamfundisha mingine, anaishika mara moja, halafu anarudi kwenye ule wa mvua.

Habari njema: amechaguliwa kwenda kupiga huko Miyuji, Dodoma, Jumamosi tarehe 17 Agosti, kwenye siku ya watoto ya ala za asili. Watoto wa shule kumi na mbili. Nimemshonea gauni la kijani. Nami nitakwenda, goti litake lisitake. Nilitamani tupitie hapo ulipo uione sura yake, lakini siku ulipochukuliwa ulinikataza kumleta huko, nami nimetii walau hilo.

Dada yako,
Hilda


Gerezani, Dodoma,
8 Agosti 2024

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo na leo naijibu. Usimpeleke Miyuji. Watu wa kijijini kwetu wanafika Miyuji kila siku. Sema anaumwa. Sema lolote.

Abeli


Mpwapwa,
3 Septemba 2024

Abeli,

Barua yako ya tarehe nane ilinifikia tarehe ishirini na mbili. Tulikuwa tumesharudi.

Sisi ni wazima. Nimeandika hivyo kwa mazoea. Nimekaa na kalamu hii wiki mbili nikianza na kufuta, kwa hiyo salamu nyingine utanisamehe.

Ukumbi ulijaa. Alikuwa wa sita kupanda, na lile gauni la kijani, miguu haifiki chini akiwa kwenye kiti. Akapiga wimbo wako. Abeli, sijui kama hata wewe uliwahi kuupiga vile. Alipofika mwisho watu wakasimama kushangilia, nami nikasimama nikapunga kitenge kama mwendawazimu. Hakuacha. Akaanza upya. Mtangazaji akacheka, akasema huyu jukwaa amelipenda, na watu wakacheka naye. Akaanza mara ya tatu. Akaanza mara ya nne, sasa kwa haraka na kwa nguvu, kichwa ameinamisha. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mtoto ana nini?" Mwalimu Mwanaidi akamwendea, akamwambia asante mwanangu, inatosha. Kama hakuna mtu aliyesema.

Nikapanda jukwaani. Nilipofika karibu nikaona vyuma vina damu. Dole gumba la kulia lilikuwa limepasuka, na alikuwa anapiga juu ya kidonda. Nikapiga magoti mbele yake, na goti langu hili, nikamwambia, basi mama, basi. Hakuinua macho. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekuambia maji yameisha mtungini:

"Baba hajasema basi."

Nikaichukua kwa nguvu. Vidole vikaendelea kutembea hewani.

Mwalimu alitupeleka chini ya kivuli nyuma ya ukumbi akamfunga vidole. Alinitazama kwa macho ya kuuliza. Nikamwambia mtoto amechoka na safari. Mwalimu alipokwenda kutafuta soda, nilimwuliza Anitha swali moja tu. Nilimwuliza siku ile mbuzi walikuwa wapi. Akasema, "Walikuwa zizini, shangazi. Niliwafungulia baadaye."

Sitaandika aliyoendelea kuniambia. Najua kalamu yangu inasomwa na wengine kabla yako. Wewe unayajua, Mungu anayajua, na sasa ninayajua mimi. Sijamwambia mtu. Nimekuwa mwoga hivyo.

Mwaka mzima nimesimama visimani na kanisani nikiwaambia watu habari za mkono unaopiga ilimba. Na mimi huyu nilikuandikia faida moja baada ya nyingine! Anahesabu vizuri. Ana bidii. Haiweki chini mwenyewe. Niliona kila kitu nikakiita kipaji.

Sikuombi kwa ajili yangu. Anayeweza kusema neno lile ni mmoja tu. Liseme.

Hilda


Gerezani, Dodoma,
15 Oktoba 2024

Dada yangu Hilda,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Wiki iliyopita tulipata mhubiri, akatusomea habari za mzabibu na matawi yake. Jua ni kali na maji yanatoka asubuhi tu. Msalimie Evarista.

Kikao kimepangwa, kitaanza tarehe 25 Novemba. Wakili niliyepewa ni kijana lakini anasema mashahidi watatu waliosikia ilimba ni ukuta wa mawe. Watu wakisimama na neno lao, nitarudi nyumbani kulima na kumlea mwanangu. Hilo nalo lifikirie. Mama hana, na baba akiondoka atabaki na nani?

Kuhusu Anitha, mwambie baba yake amesema basi. Apumzike, apone vidole, asome kwa bidii, akutii. Zaidi ya hapo sina la kuandika.

Mdogo wako,
Abeli


Mpwapwa,
29 Oktoba 2024

Abeli,

Mvua bado. Evarista ameuza kuku wote. Goti limevimba tangu Miyuji.

Nilimwambia. Nilimkalisha mkekani baada ya kurudi kanisani, nikamwambia baba ameandika, baba amesema basi. Akafikiri sana. Halafu akaniuliza, "Anamwambia nani?" Nikasema anakuambia wewe. Akasema, "Watu wote wanasema aliyekuwa anapiga ni baba. Babu Mazengo anasema. Na wewe shangazi unasema. Kama ni baba aliyekuwa anapiga, mimi nilikuwa nafanya nini?"

Nilikwenda nje nikajifanya napepeta karanga.

Ilimba nimeifungia ndani ya sanduku langu. Sasa anapiga meza. Anapiga dawati shuleni, anapigapiga magoti yake kwa vidole tukiwa kwenye ibada. Anapiga akila, kwa mkono ulio mtupu. Mwalimu Mwanaidi amejaribu kumpa ngoma, filimbi, hata kalamu za rangi, na sasa ameacha kuniuliza, ananitazama tu. Kitanda kimerudi kuwa kama zamani.

Nina langu la kusema, na hili litasomwa na yeyote anayetaka, maana aibu yake ni yangu. Miaka miwili iliyopita Yudith alikuja hapa kwangu kwa miguu kutoka stendi, jicho la kushoto limefumba, Anitha mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa. Alikaa siku tatu. Siku ya nne nikampikia, nikampa kitenge kipya, nikamwambia ndoa ni uvumilivu, rudi kwa mumeo. Akarudi. Hakulia, alinishukuru kwa kitenge. Ndicho tulichomzikia.

Mimi nilimnyamazisha Yudith kwa maneno matamu. Wewe kwa njia yako. Huyu mtoto naye tumnyamazishe, ili wewe urudi kulima?

Sipeleki barua kwa polisi, wala kwa ustawi wa jamii. Siwezi, wewe ni wa tumbo moja nami, nilikubeba mgongoni kabla sijaweza kubeba ndoo. Lakini usiniambie tena nimpe mtoto neno nusu. Mwandikie yeye. Mwambie alikuwa anafanya nini.

Hilda


Gerezani, Dodoma,
14 Novemba 2024

Dada Hilda,

Shikamoo. Sina habari nyingine. Karatasi ya pili ni ya Anitha. Mpe aisome mwenyewe, ulisema anajua kusoma.

Askari wa barua alinirudishia nikiwa bado sijaifunga. Akaniuliza kama nimesahau kwamba zinasomwa. Nikamwambia sijasahau.

Abeli


Anitha mwanangu,

Siku ile aliyekuwa anapiga ilimba ni wewe. Si mimi. Majirani walikusikia wewe.

Mimi nilikuwa chumba cha pili nampiga mama yako. Nilikuambia upige kwa nguvu na usiache mpaka niseme basi, ili watu wa nje wasimsikie. Mama hakuangukia jiwe. Ni mimi. Kisha nikakunyang'anya ilimba bado unapiga, nikakutoa mlango wa nyuma uwafungulie mbuzi, nikaenda kukaa nayo kwenye kigoda. Lile neno sikulisema kwa sababu nilikuwa natafuta la kuwaambia watu.

Wewe ulimtii baba yako. Kosa ni la baba yako.

Nalisema sasa. Basi, mwanangu. Basi.

Baba yako


Mpwapwa,
1 Desemba 2024

Abeli,

Barua ilifika juzi, na wenye serikali walifika siku moja kabla yake. Walikuwa wawili, askari wa kike na bwana mmoja mwenye mafaili. Ilimba wameichukua, wameiandika kielelezo, wameifunga kwa mfuko wa nailoni. Askari yule aliongea na Anitha kwa upole, mimi nikiwa pembeni. Jibu la mtoto likawa kupigapiga magoti yake kwa vidole mpaka wakaondoka. Kesi sijui imefikia wapi, na watu wa hapa wamejua, wanapita upande wa pili wa njia. Evarista peke yake ndiye anayekuja.

Leo ni Jumapili. Hatukwenda kanisani. Nilimpa karatasi yake akaenda nayo kwenye kizingiti palipo na mwanga. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akadhani kuna maneno mengine, akageuza karatasi kutazama nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaisoma tena tangu mwanzo.

Kisha akaitandika pajani, akaweka viganja vyote viwili juu yake. Vidole vilikuwa vimetulia. Nilivitazama muda mrefu kwa sababu sikuamini.

Akasema, "Mama aliniita, shangazi. Nilimsikia. Nikazidi kupiga kwa nguvu."

Halafu akalia. Hakulia siku ya mazishi, hakulia ulipopakiwa kwenye gari, hakulia vidole vilipopasuka. Leo analia. Si kilio cha mtoto, Abeli, ni kilio cha msibani, cha mtu mzima, kinatoka chini kabisa na hakina maneno. Alianza kabla ya saa sita, sasa ni saa tisa, nami naandika huku kichwa chake kiko kwenye goti langu hili bovu. Evarista amekuja mara mbili mlangoni kuuliza kwa nini simnyamazishi, mtoto ataumwa kichwa, majirani wanasikia.

Nimemwambia waache wasikie. Mimi sitamwambia basi.

Hilda